Kwanini mashabiki wa Bee Thousand hawapoi

Kuna watu ukiwatajia tu Bee Thousand, albamu ya bendi ya Guided by Voices, wanabadilika sura hapohapo. Hawakwambii "albamu nzuri ile" wakaishia hapo, wanaanza kukuimbia, wanakupangia nyimbo kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini, wanakwambia kabisa gitaa linakatika sehemu gani. Na mimi ni mmojawapo, kwahiyo leo nataka niandike kwanini, maana nyumbani wamenichoka, wananisikia naimba kutwa vitu hawavielewi, na mdogo wangu kuna siku alipita sebuleni akasimama akaniuliza, "Kaka, hiyo spika imekufa au ndo wimbo wenyewe?"

Ndo wimbo wenyewe, mdogo wangu.

Kwa msiowajua, Guided by Voices ni bendi ya Dayton, mji wa viwanda kule Ohio, Marekani. Kiongozi wake ni Robert Pollard na albamu hii ilipotoka mwezi wa 6 mwaka 1994 alikuwa na miaka 36, na kazi iliyokuwa inamlisha miaka yote hiyo ni ualimu, alikuwa anafundisha watoto wa darasa la nne. Hebu fikiria, mtu wa umri huo, ana familia, ameshatoa albamu kadhaa kwa hela yake mwenyewe na karibu hakuna anayezisikiliza nje ya mduara wa washkaji zake. Mwaka 1992 walitoa Propeller wakijua ndo ya mwisho, basi yaishe. Walichapa santuri 500 tu, na kava wakazitengeneza kwa mikono wenyewe na marafiki, kuchora, kubandika, kupaka rangi, kila moja na sura yake. Leo ukikuta moja inauzwa usishangae bei kufika maelfu ya dola, na kuna mashabiki kazi yao ni kutafuta picha za kava zote 500 ili wazione pamoja.

Na hiyo Propeller ina kitu kimoja ambacho mimi kila nikikifikiria nasisimka. Inaanza na sauti za umati unapiga kelele "G-B-V! G-B-V!", herufi za mwanzo za jina la bendi, kama vile uko kwenye shoo kubwa. Umati wenyewe haukuwepo! Ni wao kwa wao wamejirekodi wakijifanya mashabiki, bendi ambayo haina watu inajitengenezea watu. Halafu miaka miwili haijaisha watu wa kweli wanajaa ukumbini wanaimba hivohivo "G-B-V! G-B-V!" kabla bendi haijapanda jukwaani, na waliendelea kuimba miaka na miaka. Sijui bendi nyingine iliyowaomba mashabiki namna ile na mashabiki wakaja kweli.

Kilichowaleta kwa wingi ni Bee Thousand. Ilitoka kwenye lebo ndogo inaitwa Scat, nyimbo 20 ndani ya dakika kama 36, yani nyingi hazifiki hata dakika mbili, ya mwisho ina nusu dakika hivi na imeisha. Ilirekodiwa sehemu kubwa majumbani, kwenye vyumba vya chini na magereji, kwa zile mashine za kaseti za traki nne. Kwa ambao hawajawahi kuziona, ile mashine inatumia kaseti ileile ya kawaida ila unarekodi sauti nne mojamoja, gitaa, ngoma, besi, mdomo, na zikijaa na bado unataka kuongeza kitu inabidi uzichanganye kadhaa uziweke kwenye traki moja ili upate nafasi, na kila ukifanya hivo ule mvumo wa kaseti unaongezeka na sauti inazidi kusagika. Ndo ile "shhhh" unayoisikia chini ya kila kitu. Hawakuiweka kwa madoido, hela ya studio haikuwepo na Pollard nyimbo zilikuwa zinamjia haraka kuliko hela.

Sasa wimbo wa kwanza kabisa, Hardcore UFO's, katikati ya wimbo gitaa linapotea. Linakatika tu, sauti inaimba peke yake na kilichobaki, halafu gitaa linarudi kama hakuna kilichotokea. Prodyuza yeyote angesema turudie. Wao wakaiacha, tena wakaiweka mlangoni kabisa, wimbo namba moja! Na hapo ndo pananimaliza mimi, kwasababu gitaa likikatika kichwa changu kinaendelea kulipiga, silisikii ila nalipiga, na likirudi linanikuta nipo palepale. Ukishaipigia bendi gitaa kwa sekunde hizo mbili tatu basi umeshakuwa mwanachama.

Nadhani mapenzi yote ya watu kwa albamu hii yanaanzia hapo. Nyimbo hazijamaliziwa, zimeachwa na nafasi, msikilizaji ndo anamalizia. Unasikia melodi tamu kabisa, ya kuimbwa na uwanja mzima, imefunikwa na uchafu wa kaseti, na inakata kabla hujashiba kwahiyo unairudia, unairudia tena, na kila ukirudia unaisafisha kichwani mwako. Kila shabiki ana Bee Thousand yake aliyoimiksi mwenyewe. Ndo maana wanagombana hivi kuhusu mashairi, maana Pollard anaandika vitu vya ajabu, wafalme, roboti, milima, na kila mtu ana maana yake na hakubali ya mwenzie.

Sisi tuliokulia kwenye kaseti hatuhitaji hata kuelezwa sana, taarabu na dansi tulizozisikia nyumbani zilikuwa kopi ya kopi ya kopi, sauti imefifia mpaka besi huisikii, na tulijua kila neno.

Ushahidi mwingine ni I Am a Scientist. Huo ndo wimbo wao mkubwa wa albamu hii, jamaa anajiita mwanasayansi, mara mwandishi wa habari, mara mfamasia, anatafuta kujielewa, gitaa lina noti chache tu zinazorudi zinarudi na zinakukaa wiki nzima. Mwaka huohuo waliurekodi upya studio, safi, ngoma zimesimama, kila kitu kinasikika. Nimeusikiliza sana na ni mzuri, siwezi kudanganya. Ila ule wa kaseti ndo nikiusikia nywele zinasimama, na mashabiki wengi ninaowajua wanasema hivohivo. Kwenye ule safi Pollard anakuimbia, kwenye ule mchafu unahisi umemfumania anajiimbia mwenyewe.

Na sio Pollard peke yake jamani, Tobin Sprout, mwenzake kwenye bendi, huwa anasahaulika na inaniuma. Awful Bliss, Ester's Day, na ule wa kufungia You're Not an Airplane, sauti laini hiyo, inaingia kati ya makelele ya Pollard na kukupumzisha. Bila yeye nyimbo 20 zingechosha.

Baada ya hapo Pollard akaacha ualimu, 1995 wakaingia lebo ya Matador wakatoa Alien Lanes, nyimbo 28, na wimbo wake wa kwanza ndo uliozaa lile bango la taa lililokuwa linaning'inia jukwaani kwenye shoo zao, "The Club Is Open", yani klabu iko wazi. Bendi ikavunjika mwisho wa 2004, ikarudi 2010, watu wakalia kabisa kwenye shoo. Mwaka 2017 Pollard alitoa August by Cake, albamu yake ya mia moja. Ya mia! Na bado wapo wanaonunua kila moja, shoo ilikuwa inaweza kupita nyimbo hamsini na walikuwa wanaimba zote, na kuna waliokuwa wanasafiri mpaka Dayton kwenye Heedfest, mkusanyiko wa mashabiki, kukutana tu na watu wenye ugonjwa mmoja. Hawa ni watu wazima, wana kazi na watoto, na naona wamepata picha yao kwa mwalimu wa darasa la nne aliyeendelea kuandika nyimbo usiku wakati hakuna aliyemuomba.

Kama unataka kuanza, usianze na namba moja. Anza na Echos Myron, ule ni mtamu hata kwa asiyependa roki, halafu Gold Star for Robot Boy, halafu Smothered in Hugs kwa sauti kubwa. Ukishazoea ule mvumo rudi mwanzo uisikilize yote bila kuruka, dakika 36 tu, tumia hedifoni kama nyumbani kwenu kuna mtu wa kuulizia spika.