Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi wa Upasuaji wa Meno ya Watoto, Moshi

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha meno cha hospitali moja hapa Moshi, na siku ninayoisimulia ni siku ya upasuaji wa watoto. Hawa ni wale ambao kazi yao haiwezi kufanyika kitini kwa sindano ya ganzi, ama kwa kuwa ni wadogo mno, ama kwa kuwa meno ya kung'olewa ni mengi, ama kwa kuwa usaha umejaa kiasi kwamba ganzi haishiki vizuri.

Saa 12:10 asubuhi

Nafika wodini mapema kwa sababu ya jambo moja: kuhakikisha nani amekula na nani hajala. Wa kwanza kwenye orodha ni binti wa miaka 5 kutoka Kibosho, mwenye uzito wa kilo 16. Magego yake manne ya utoto yametoboka hadi kwenye neva. Wiki iliyopita shavu lake la kushoto lilivimba hata jicho likaanza kufumba. Antibiotiki zimetuliza uvimbe, lakini chanzo chake bado kimo kinywani. Mama yake alitia saini fomu ya ridhaa jana jioni, kisha akateremka Himo anakofanyia biashara ya ndizi, akamwachia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu amelia njaa tangu alfajiri. Hata uji mwepesi siwezi kumpa?"

Naketi kitandani na kumweleza bila haraka, maana kumwambia tu kwamba haruhusiwi hakutoshi kwa mtu anayemsikia mtoto akilia. Dawa ya usingizi hulaza pia ule uwezo wa mwili wa kukohoa na kulinda koo, kwa hiyo kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana chakula husimamishwa saa 6 kabla ya upasuaji, na uji pamoja na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula, hata viwe vyepesi namna gani. Maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla, na maji matupu saa 2. Kwa kuwa binti huyu ataingia saa 3:00, namruhusu anywe maji kidogo sasa hivi, na bibi anatulia baada ya kuona kwamba walau kuna kitu ameruhusiwa kumpa.

Saa 1:30 asubuhi

Sehemu hii ya kazi yangu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, ingawa haiandikwi kwenye faili. Nachukua barakoa ya kuvutia hewa ya dawa, nampa mtoto aishike, aigeuze, aichungulie ndani. Anaiweka kwanza usoni kwa bibi yake, na bibi, Mungu ambariki, anavuta pumzi ndefu mara tatu kwa utulivu kabisa. Ndipo binti anaipachika puani mwake mwenyewe.

Namwambia mambo kama yatakavyokuwa: kwamba atavuta hewa yenye harufu asiyoizoea, atalala, daktari atatoa meno yanayomuuma naye hatasikia, kwamba akiamka mdomo utauma na ataona damu kidogo kwenye mate, na kwamba bibi atakuwa hapo hapo. Ananitazama, kisha anauliza, "Meno yangu nitapewa?" Anataka kuyarusha juu ya bati. Namwahidi kwamba nitamwombea kwa daktari.

Nje kwenye korido, baba mmoja anamtuliza mwanawe kwa maneno ambayo wengi wetu tulikua tukiyasikia: "Ukilia, huyu sista atakuchoma sindano." Namwita pembeni na kumwomba kwa heshima, "Baba, naomba nikusaidie. Ukishamwambia kwamba sindano ni adhabu, basi kila nitakapomkaribia nitakuwa nakuja kumwadhibu." Nashikilia jambo hili kwa nguvu zangu zote. Mtoto aliyetishiwa huja akiwa amekaza kila kiungo, na aliyedanganywa kwamba hataumia hata kidogo hatatuamini tena akihitaji kurudi, naye mara nyingi hurudi, kwa sababu bado ana meno ya ukubwani yanayokuja. Mtoto huweza kuvumilia maumivu aliyoambiwa mapema yataanza lini na yataisha lini. Baba yule alinisikiliza, akarudi, akachuchumaa mbele ya mwanawe, wakaanza upya.

Saa 3:05 asubuhi

Thieta. Binti anaingia amenishika kidole, anashika barakoa mwenyewe, na katika muda wa dakika chache macho yanafumba. Mtaalamu wa usingizi anapitisha mrija wa kupumulia puani ili kinywa kibaki wazi kwa ajili ya daktari, kisha gozi ndefu (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa inawekwa kooni, kuzuia damu na vipande vya meno visiteremke. Gozi hiyo ni jukumu langu. Naitamka kwa sauti, naiandika ubaoni, "Gozi ya koo: 1", na ncha yake naiacha ionekane pembeni mwa mdomo. Ikisahaulika humo, mtoto ataamka akiwa amezibwa njia ya hewa, na hilo linaweza kumuua katika hospitali yoyote, hata yenye wataalamu bingwa.

Mizizi ya gego la utoto imepanuka kama vidole vinavyokumbatia kitu, na kitu hicho ni chipukizi la jino la ukubwani lililo chini yake. Kwa hiyo daktari halivuti jino kwa nguvu. Analegeza taratibu, upande huu na upande ule, na ncha ndogo ya mzizi ikikatika mahali ambapo kuichimbua kungeumiza chipukizi, huiacha na kuiandika kwenye faili ili ifuatiliwe. Kazi yangu ni kufyonza damu, kushika taya lisiyumbe, na kuondoa macho yangu kwenye jeraha kila baada ya muda mfupi ili nitazame midomo na kucha zake, ingawa kifaa cha kidoleni kinasoma oksijeni muda wote. Gego la chini kushoto linapotoka, usaha unalifuata. Shimo linasafishwa, na kwenye fizi iliyopasuka unapita uzi unaoyeyuka wenyewe.

Kabla mtoto hajaamshwa nasema tena kwa sauti: gozi ya koo imetoka. Mtaalamu wa usingizi anaitazama kwa macho yake, nami ndipo ninapofuta ubao.

Saa 4:20 asubuhi

Chumba cha uangalizi. Analazwa ubavu ili mate na damu vitoke nje badala ya kurudi kooni. Nilikuwa nimekwisha kumwandaa bibi kwamba watoto wengi huzinduka wakilia na kurusharusha mikono bila kumtambua mtu, kwamba hali hiyo hutokana na dawa, na kwamba kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Hata hivyo, kilio kilipoanza bibi alitetemeka. Nikamwekea mkono wa mtoto mkononi mwake na kumwambia aongee tu, chochote. Akaongea Kichaga, polepole, kuhusu mbuzi wa nyumbani. Sikuelewa yote, lakini mtoto alielewa, na kilio kikashuka kikawa kwikwi. Meno yake manne yalikuwa kwenye kichupa kidogo, yameoshwa.

Watoto wengine wawili walifuata, nao walikwenda salama, akiwemo yule aliyekuwa na baba yake koridoni.

Saa 8:00 mchana

Kliniki ya kawaida. Mvulana wa miaka 8 anang'olewa jino moja kwa ganzi, akiwa amekaa wima na kunishika mkono. Kinachonishughulisha zaidi ni saa mbili au tatu zitakazofuata, kwa sababu mdomo ukiwa na ganzi mtoto huutafuna bila kujua hadi ukavimba na kutoa kidonda. Namwambia mama yake asimpe chakula cha kutafuna mpaka ganzi iishe, na amtazame.

Kisha anaingia mama mwenye mtoto wa miezi 7, mwenye homa na kuharisha. Majirani wamemwambia kwamba ni meno ya nailoni, yaani meno mabaya yanayodhaniwa kuleta homa hiyo, na kwamba yupo mzee wa kuyachimbua. Nafungua kinywa cha mtoto pamoja naye, namwonyesha uvimbe mweupe kwenye fizi, na kumweleza kwamba hilo ni chipukizi la jino la chonge lenye afya, na kwamba kulichimbua kwa kitu kisicho safi kumewaletea watoto kutokwa damu, maambukizi na hata kifo, huku homa yenyewe ikibaki bila tiba. Sikumgombeza. Alikuwa amekuja hospitali kwanza, na hilo ndilo nililomsifu kabla ya kumsindikiza mwenyewe hadi kliniki ya watoto akapimwe malaria na kupewa maji ya chumvichumvi.

Saa 10:15 jioni

Binti wa Kibosho ameruhusiwa. Nampa bibi maelekezo, kisha namwomba anirudie kwa maneno yake, kwani ndiyo njia pekee ya kujua kwamba nimeeleweka. Asisukutue mpaka kesho, na kuanzia kesho atumie maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Asinywe kwa mrija, maana kufyonza hung'oa damu iliyoganda. Parasetamo ya maji, ile yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, ampe mililita 10 kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asimpe kabisa. Mtori uliopoa, maziwa mgando, ndizi ya kuponda.

"Lakini mwanangu," bibi anauliza, "si yangeng'oka tu yenyewe?"

Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Usaha ulio chini yake huharibu jino la ukubwani kabla halijatokeza. Tena, karibu na umri wa miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utoto wakaliacha lioze. Namwonyesha mahali litakapotokea, na kumweleza kwamba mswaki wa usiku unapaswa kushikwa na mtu mzima, kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere.

Saa 2:40 usiku

Bibi anapiga simu. Mto wa mtoto una madoa ya waridi. Namuuliza kama damu ni nyekundu inayotiririka au ni mate yenye rangi. Anasema ni mate. Namwelekeza akunje gozi safi niliyompa, mtoto aing'ate kwa dakika 30 akiwa ameketi, na kwamba damu ikiwa nyekundu na haikomi, wasingoje asubuhi. Baada ya muda huo anapiga tena: gozi imetoka karibu nyeupe, na mtoto anaomba mtori. Namwambia ampe, usiwe wa moto, na kwamba dozi ya parasetamo inayofuata ni saa 4:15.