Kaunta Buku ya Mweka Hazina

Mwaka 2013, Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kikundi cha wakulima wa kahawa karibu na Vwawa kiliniomba niitafsiri kwa Kihispania katiba yake fupi, iliyoandikwa kwa Kiingereza ili wafadhili waisome, kwa kuwa wakulima wenzao kutoka Guatemala walikuwa wanakuja baada ya siku nne. Kihispania nilifundishwa na sista mmoja wa Colombia, na kwa kurasa mbili za mwanzo nilijiona bingwa.

Ukurasa wa tatu nilikwama kwenye neno accountability. Kamusi ilinipa responsabilidad, nikaliandika, kisha nikalifuta, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulitumia kwa responsibility kwenye mstari huohuo, na sasa sentensi ilikuwa ikiahidi jambo moja mara mbili, kama mtu aapaye kwa kuhofia kutoaminika. Kwa Kiswahili ningeandika dhamana na uwajibikaji, nikalale.

Asubuhi nilimfuata mweka hazina, niliyemkuta akigeuza kahawa kwenye vichanja.

“Shikamoo, baba. Uwajibikaji, hapa kwenu, ni kufanya nini hasa?”

“Marahaba, mwanangu.” Alijifuta mikono, akaleta kaunta buku iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na majina, kilo za cheri, malipo ya awali, na mwishoni sahihi au alama ya dole gumba ya wino wa zambarau. “Kila Jumamosi ninasoma haya mbele ya watu, na yeyote anaweza kunisimamisha. Ni kutoa hesabu, kama yule wakili wa Luka 16.”

Hapo nililikumbuka neno cuenta, ambalo sista alinifundisha kwa kunihesabia punje za rozari yake, maana ni punje hiyo na ni hesabu pia. Wahispania husema rendir cuentas, kutoa hesabu, na jina lake ni rendición de cuentas, maneno matatu kwa moja la Kiingereza. Urefu haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kitenzi hicho kilinidai nimtaje anayepewa hesabu, na katiba ya Kiingereza, pamoja na fahari yake yote, haikumtaja popote.

“Hesabu hiyo unampa nani, baba? Mfadhili?”

“Mfadhili huandikiwa na katibu,” alijibu, akiufunga tena ule mpira. “Mimi ninawapa wanachama.”

Niliandika a los socios.