Saa moja na padre mzee, Ndanda

Mimi ni Mwislamu wa Mikindani, na Jumamosi nilipanda gari la Masasi kwenda kukaa na padre. Msicheke. Tangu mama afariki nilikuwa naswali kama mtu anayelipa deni, na kila niliyemwambia alinipa mawaidha. Shoga yangu akasema nenda Ndanda kwa Wabenediktini, wale watawa wa Kikatoliki, wako pale tangu 1906, kuna mzee anasikiliza mtu yeyote, hata asiye na dini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Kisha kimya. Mwembe, viti viwili vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya (hicho alikalia yeye). Nikaongea, nikalia, nikaongea tena. Hakunihubiria, wala hakunivutia upande wake. Aliuliza swali moja tu: "Ukiomba, unamwambia Mungu yaliyo moyoni au yale unayoona yanafaa?" Nilikosa jibu. Mpaka leo sina.

Adhuhuri ilipoingia akanionyesha bomba nitawadhe, akasogea pembeni.

Nauli imeniuma, joto ndo usiseme. Lakini mwezi ujao narudi, nimemwahidi korosho nitakazobangua mwenyewe.