Kuibiwa Ugenini Ukiwa Peke Yako

Niliibiwa Barcelona, katika kituo cha mabasi, nikiwa safarini peke yangu. Begi dogo lilikuwa na pasipoti, simu, kadi za benki na euro zote nilizokuwa nazo, nami nikabaki na begi kubwa la nguo mgongoni. Aliyeibiwa nyumbani huumia, lakini jirani anamjua na kaka atakuja kumchukua. Ugenini pigo zito zaidi ni kutoweza kuthibitisha wewe ni nani, kwa sababu hoteli, benki, polisi na uwanja wa ndege wote huanza na swali hilo hilo.

Kwetu Wakenya, jambo la kwanza ni laini ya simu. Wasafiri wengi wa Ulaya hukimbilia kufunga kadi, na ni sawa kwao, lakini laini yangu ndiyo iliyobeba M-Pesa na ndiyo inayopokea namba za siri ambazo benki hutuma kila ninapotaka kuingia kwenye akaunti. Mwizi aliyeshika simu isiyofungwa ameshika funguo za nyumba nzima. Mhudumu wa mapokezi katika hosteli ya wasafiri aliniazima simu, nikampigia dada yangu Nairobi, naye akashughulikia kufungwa kwa laini kabla ya kuniuliza lolote lingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba namba moja au mbili za watu wa nyumbani lazima ziwe kichwani au kwenye karatasi iliyo mbali na simu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Mossos d'Esquadra, polisi wa Catalonia, kuandikisha taarifa ambayo Wahispania huiita denuncia. Usitarajie kwamba watamsaka mwizi usiku huo. Nenda kwa ajili ya karatasi yenyewe, kwani ubalozi utaitaka, na kampuni ya bima pia, iwapo bima yako inahusu mizigo. Hapa wengi wetu hupata mshangao mchungu: bima inayodaiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, lazima ifikie angalau euro 30,000, nayo ni ya matibabu na ya kurejeshwa nyumbani kwa dharura ya kiafya au kifo. Kwa simu na fedha zilizoibwa haikulipi chochote, isipokuwa uliongeza kinga hiyo mwenyewe.

Fedha zilinisumbua kuliko nilivyofikiria. Ndugu walikuwa tayari kutuma siku hiyo hiyo, lakini wakala wa kutoa fedha hudai kitambulisho, nami sikuwa nacho. Aliyeniokoa ni mama mmoja Mkenya anayeishi mjini humo, ambaye dada yangu alimpata kupitia kundi la WhatsApp la Wakenya walioko Hispania. Alipokea fedha kwa jina lake, akanikabidhi zote mbele ya mhudumu wa hosteli, kisha akanilazimisha nile kwake. Nilimwita mama tangu dakika ya kwanza, na kusikia Kiswahili siku ile kulinituliza kuliko fedha zenyewe.

Ubalozi wa Kenya uko Madrid, zaidi ya kilomita 600 kutoka Barcelona kwa barabara, kwa hiyo piga simu kabla ya kufunga safari, uulize picha, nakala na ada zinazohitajika. Nakala ya pasipoti niliyokuwa nimejitumia kwa baruapepe ilirahisisha kila kitu. Nilipewa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, na safari yangu ya kuelekea Lisbon ikaishia hapo, kwa kuwa viza ilikwenda na pasipoti. Kabla ya kukata tiketi, ulizia pia kama nchi utakakobadilisha ndege inaikubali hati hiyo.

Wezi wa mifukoni wakati mwingine huchukua fedha na kutupa hati, hivyo inafaa kuulizia Oficina de Troballes, ofisi ya jiji ya vitu vilivyookotwa. Lakini pasipoti ikishatangazwa kuibwa, usiitumie tena hata ukirudishiwa. Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ina hifadhidata ya hati za aina hiyo tangu mwaka 2002, na taarifa zake huweza kukusimamisha mpakani.

Kuna waliosema kwamba msichana hana haki ya kulalamika akisafiri peke yake. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu maneno hayo ndiyo huwafanya wengi wafiche yaliyowapata hadi laini imekwisha kutumiwa na akaunti imekaushwa. Mimi nililia usiku ule, si kwa ajili ya simu bali kwa ajili ya leso ya marehemu nyanya yangu iliyokuwa ndani ya begi lile, ambayo hakuna polisi wala ubalozi unaoweza kuirudisha. Asubuhi yake nilimpigia mama mzazi na kumweleza yote, hata habari ya leso, naye akalia pamoja nami kabla hatujaanza kupanga safari ya Madrid.