Nilivyopima densiti ya mikaratusi yangu kwa mizani ya sonara

Ilianza na mama mmoja anabanika sangara Kayenze, mteja wangu wa kuni. Akanipigia, "Baba, kuni zako zinawaka kama maboksi, nikigeuka kidogo moto umeisha." Iliniuma bana, maana ile mikaratusi shambani kwangu Magu mbegu nilichukua mwenyewe kwenye mti mnene kuliko yote, nikijua mnene ndo bora.

Mpwa wangu anasoma misitu SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, alivyokuja likizo akacheka sana. Akasema mjomba, unene unategemea na sehemu mti ulipo, wa pembeni unakula jua na maji peke yake, ila densiti ya mbao, yaani uzito wake mkavu kwa ujazo wake, inarithiwa kwa nguvu zaidi, na kuni nzito ndo hukaa motoni, ndo uifuate hiyo. Alikuja na kekee ya kuazima, unazungusha kwa mkono usawa wa kifua, mita 1.3 toka chini, inatoka na kijiti chembamba cha milimita 5, mti haufi. Tulitoboa 12, yote ya umri mmoja, na kila mmoja tukaulinganisha na majirani zake 5. Mikono ilitoka malengelenge.

Asa mizani ya jikoni kwa kijiti kile haioni kitu, nikaenda kwa sonara Makoroboi, Mwanza mjini, yake inasoma hadi gramu 0.01, akadhani nimeleta dhahabu. Unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, unachoma kijiti na sindano unakizamisha bila kugusa kikombe, gramu zinazosoma ndo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Halafu unakausha kwenye nyuzi 103, mi nilitumia oveni ya shemeji anayeoka keki (alinuna siku mbili), unapima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Uzito mkavu gawa kwa ujazo, basi.

Raundi ya kwanza niliboronga, nilikausha kwanza ndo nikapima ujazo, kumbe mti ukikauka unasinyaa, namba zote zikapanda nikaanza kushangilia. Mpwa akaniambia rudia na vijiti vibichi, yaani kutoboa upya kabisa.

Ule mnene wangu kipenzi: ujazo 5.10, mkavu gramu 2.30, yaani 0.45. Mwembamba wa katikati ambao hata sikuwa nautazama: 4.31 kwa 2.33, 0.54. Kulikuwa na mwingine mzito kuupita ila umepinda kama upinde, tukauacha, nani atanunua nguzo ile. Tukabaki na minne iliyonyooka ya kuchukua mbegu, imeachana mbali ili isiwe ndugu, na ule wa nyumbani uliosimama peke yake sikuugusa maana unajichavusha wenyewe, miche yake huwa dhaifu.

Miche sasa iko kwenye viriba. Nikampigia yule mama kumpa habari njema, akauliza kuni lini, nikamwambia kama miaka 6 hivi. Akakata simu.