Mizinga Kumi ya Königsberg

Jioni hii nimemaliza mtutu wa saba wa mizinga ya manowari yangu ya mfano. Nimeupanga juu ya kipande cha ubao pamoja na wenzake sita, nikawasha taa ya mezani, kisha nikainama hadi macho yakawa sawa na ubao, kwa kuwa mizinga midogo ukiitazama kwa juu yote huonekana imenyooka, lakini ukiitazama kwa usawa wa midomo yake, uliopinda hauwezi kujificha. Wa nne umepinda. Kesho nitauanza upya.

Manowari ninayoijenga ni Königsberg ya Wajerumani, ile iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi mwisho wake ulipofika tarehe 11 Julai 1915. Urefu wake ulizidi kidogo mita 115, nami naijenga kwa kipimo cha 1 kwa 100, kwa hiyo bodi lake la mninga limeimiliki meza ya sebule yetu hapa Kirumba, Mwanza, tangu masika. Bodi halikunisumbua sana. Mkoa huu haukosi watu wanaojua kupinda mbao, na nimekua nikiwatazama wakiunda mitumbwi ufukweni.

Mizinga ndiyo iliyonifundisha adabu. Königsberg ilikuwa na mizinga mikubwa kumi ya sentimita 10.5, na urefu wa mtutu ulikuwa mara 40 ya kipenyo hicho, yaani mita 4.2. Kwa kipimo changu, mtutu ni milimita 42 na tundu lake ni milimita moja na nukta tu. Miwili ilikaa mbele bega kwa bega, mitatu kila ubavu, na miwili nyuma, nayo pia bega kwa bega. Mpangilio huo hausamehe, kwa sababu mizinga miwili iliyosimama pamoja hulinganishwa na jicho bila hata kukusudia, na nusu milimita niliyokosea mimi ingekuwa sentimita tano kwenye meli yenyewe.

Mwanzoni niliipeleka fimbo ya shaba ya njano kwenye karakana moja ya kukereza mjini, nikalipia mitutu kumi kwa akiba ya miezi miwili, nikarudishiwa vipande kumi ambavyo hata viwili havikulingana. Iliniuma sana. Siku iliyofuata nikavibeba mfukoni hadi Makoroboi, kwa mzee mmoja fundi wa bati ambaye marehemu baba alikuwa akimpelekea kazi zake. Nilimwamkia, akavigeuza viganjani kimya kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hii ni kazi ya tupa, siyo ya mashine kubwa." Akanionyesha namna ya kuibana drili kwenye jiliwa ikiwa imelala, kuishika fimbo kwa taya zake kama keekee yenyewe, na kuiacha izunguke polepole huku tupa laini ikiigusa kwa upande. Shaba hutoa unga wa dhahabu unaoshika vidole. Mtutu hunenepa kwa ngazi kadiri unavyorudi nyuma, na kila ngazi inataka ukingo mkali. Ukipitisha msasa kwa pupa, ukingo unakufa na mzinga unageuka kuwa karoti.

Kutoboa mdomo ndiko kugumu zaidi. Keekee ya milimita moja ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, nami nimevunja tatu, moja ikibaki ndani ya mtutu uliokuwa umekwisha kunyooka vizuri. Mzee aliniambia, "Isikae ndani. Itoe, ipanguse, itie mafuta, irudishe." Ndivyo ninavyofanya sasa, nusu milimita kwa nusu milimita, hadi kina cha milimita sita. Zaidi ya hapo mwanga haufiki, na jicho linaridhika kuwa tundu linaendelea.

Ngao za mizinga nazikata kwenye makopo ya maziwa. Hizo huchukua jioni moja kila moja, wala hazina mengi ya kusimulia.

Jambo lililonikosesha usingizi wiki hii ni gundi. Nilikuwa tayari kuigandisha mizinga sitahani, kisha nikakumbuka yaliyoipata ile yenyewe. Meli ilipozama Rufiji, Wajerumani waliitoa yote kumi matopeni, wakaitengenezea magari ya magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, ikaburutwa nchi nzima kwa miaka ya vita. Mmoja ulipanda hata juu ya Graf von Götzen kule Kigoma, meli ambayo leo tunaiita MV Liemba. Mwingine nimeugusa kwa mkono wangu Fort Jesus, Mombasa, na ni pale ndipo nilipoanza kuitaka kazi hii. Bodi lilibaki mtoni. Mizinga ndiyo iliyosafiri.

Kwa hiyo sitatumia gundi. Chini ya kila mzinga nitachomeka pini ya shaba, na sitahani nitatoboa matundu kumi, ili mtu aweze kuung'oa mmoja mmoja na kuushika. Usiku huu nimelijaribu tundu la kwanza, la mbele kushoto. Mzinga umeingia, ukazunguka bila kulegea, na nilipouinua umetoka mzima.