Tyneham: walipewa siku 28 wahame, mpaka leo hawajarudi

Jumamosi nilipanda treni pale London Waterloo, kama masaa mawili na nusu nikashuka Wareham, mkoa wa Dorset, kutoka hapo nikachukua teksi mpaka Tyneham. Kule huendi siku yoyote tu unayojisikia, kijiji kiko ndani ya eneo la jeshi, katikati ya wiki vifaru vinapiga mizinga, wikiendi nyingi ndo wanafungua geti raia waingie.

Bonde lote lile lilikuwa la ukoo wa Bond tangu 1683. Wao walikaa kwenye jumba la mawe la enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na wanakijiji karibu wote walikuwa wapangaji wao, wengine wakulima, wengine wavuvi kule chini Worbarrow. Sasa Novemba 1943, vita ya pili ya dunia imepamba moto, zikaja barua kwamba jeshi linataka sehemu ya mazoezi, ndani ya siku 28 kila mtu awe ametoka. Watu 225 wakafungasha, Krismasi ikawakuta ugenini. Mlango wa kanisa wakaacha karatasi wanawaomba wanajeshi watunze nyumba zao, maana wamezitoa ili kusaidia kushinda vita na siku moja watarudi.

Vita ikaisha wakangoja, wakangoja, 1948 serikali ikalichukua eneo moja kwa moja. Lile jumba lenyewe likaja kubomolewa nusu miaka ya 60, na sisi wageni haturuhusiwi hata kulisogelea.

Shule ndo ilinishika sana. Ni chumba kimoja, ilifungwa 1932 kwa kukosa watoto wa kutosha, wameirudishia madawati na zile ndoano za kutundikia makoti, kila ndoano na jina la mtoto, ziko chini kabisa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, nikajikuta nimeinama nasoma moja moja mpaka nimemaliza zote.

Ila kitu ambacho mimi sikikubali ni fidia. Kwa kuwa nyumba hazikuwa za kwao, wapangaji wale hawakulipwa nyumba wala ardhi, walilipwa mboga zilizokuwa bustanini basi, yaani mtu babu yake kazaliwa pale, kazikwa pale, anahesabiwa kabichi anaambiwa nenda. Jamani! Baadhi wakapewa nyumba za halmashauri huko Sandford, karibu na Wareham.

Kabla ya kuondoka nilizunguka nyuma ya ile safu ya nyumba ya posta, mbele yake kuna kibanda cha simu cheupe. Mapaa hakuna, jiko la kuni bado liko ukutani, unapita mlango wa nyuma unatokea kwenye kipande cha majani kama hatua kumi hivi. Pale ndo palikuwa bustani. Ndo hapo palipolipiwa.